Upepo wa Mume wa Mtu

Jua lilikuwa linazama tulipotoka kwenda kuangalia kompresa, na mimi ndiye niliyesema twende leo leo.

Mwanangu mtaani wanamwita Msasa. Ni fundi wa fanicha, na jina hilo amelipata kwa sababu akishika ubao hauachii. Atausugua, ataupapasa kwa kiganja, atafumba macho, atausugua tena, mpaka mwenye kabati aje kuuliza kama kabati lake linatengenezwa au linaoshwa kama maiti. Alipoacha karakana ya watu akasema anafungua yake hapa nyumbani, nilimpa banda langu la kuku. Kuku wakahamia jikoni. Mkewe hajanisamehe mpaka leo.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kabati la bibi harusi. Mwenye harusi alitaka ling'ae kama kioo, na vanishi ya kung'aa hivyo haipakwi kwa brashi. Inapulizwa. Na kupuliza kunataka kompresa, ile mashine inayovuta upepo huu wa kawaida tunaopumua, inaushindilia ndani ya tangi la chuma, halafu unautoa kidogo kidogo kwenye mpira wakati wa kazi. Tangi likijaa, mashine inajizima yenyewe. Tak! Kimya. Hiyo sauti mnisamehe, nitairudia.

Asubuhi tulikuwa dukani kwa Waranti. Jina lake la nyumbani silijui, na sidhani kama analikumbuka mwenyewe.

"Hii hapa, mama," akatuonyesha kitu kidogo chekundu chenye magurudumu. "Haina oili, haina usumbufu. Ina waranti."

"Waranti ya nini?"

"Ya kila kitu."

"Na ikifa?"

"Mama, mbona unaitakia kifo hata hujainunua?"

Msasa akaiwasha. Duka zima likalia kama bati linaloburutwa barabarani. Ikajaa upesi, akaufungua upepo, na ule mshale wa kwenye geji, kile kipimo cha upepo, ukaanguka kama mtu aliyeteleza bafuni.

"Pumzi yake fupi," mwanangu akasema. "Itapuliza ubavu mmoja wa kabati, halafu isimame kuhema. Huku vanishi imekauka, huku mbichi. Watasema nimepuliza nimelewa."

"Mashine haina kosa," Waranti akajibu huku akiifuta vumbi. "Kilicho kifupi ni mfuko wako, kaka. Tangi kubwa lipo, lile pale. Liangalie bure."

Tukaliangalia bure, tukaondoka.

Fundi viatu wa kwenye kona ndiye aliyetuambia. Kuna mjane mtaa wa nyuma, mumewe alikuwa fundi wa matairi, anauza kompresa ya marehemu. Tangi kubwa. Anataka iondoke haraka. Msasa akasema atakwenda kesho akishamaliza kusugua milango. Nikamwambia mwanangu, kesho utakuta imenunuliwa na mwenye akili. Vaa viatu.

Ndivyo tulivyofika kwenye kile kichochoro mwanga ukiwa umeanza kuwa wa kijivu.

Hatukugonga. Mlango wa uani ulifunguka kabla hatujanyoosha mkono, na mwanamke akasimama pale na kidole mdomoni. Mwembamba. Mtandio umeshuka mabegani na hana habari nao.

"Ingieni kwa huku," akanong'ona. "Taratibu... Shemeji zangu wako sebuleni."

Tuliwasikia. Wanaume wanabishana kuhusu kitanda, nani alikinunua. Mwingine akasema hata mapazia ni ya kaka yetu. Yule mwanamke akatupitisha jikoni kama mtu anayepitisha wezi, na ilikuwa nyumba yake.

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko. Giza kiasi. Harufu ya mpira wa matairi, ya oili, na nyingine chini yake niliyoijua mara moja: dawa ya kuchua kifua. Nimemchua nayo marehemu mume wangu miaka mingi. Harufu ile haitoki ukutani.

Kompresa ilikuwa imefunikwa shuka la maua mpaka chini.

Kama mtu aliyelala.

Akaivua shuka pole pole, akalikunja mara nyingi, akalikumbatia. Msasa akachuchumaa. Mwanangu akiwa mbele ya kifaa huwa anasahau kama yuko kwa watu. Akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, akapitisha kiganja tumboni kutafuta kutu, akauvuta mkanda, akaangalia kijicho cha kuonyeshea oili. Akaigusa pua yake, ndivyo anavyokiita kile kichujio ambacho mashine inavutia upepo. Halafu akaangalia geji, akakunja uso.

"Umeijaza leo, dada?"

"Hapana."

"Jana?"

"Tangu siku ile aliyofariki sijaiwasha. Hata swichi sijaigusa."

"Na alifariki..."

"Kabla ya mvua."

Mvua ilikuwa imekuja, imeharibu paa za watu, imekwenda zake. Wakati ule tulikuwa tunakula vumbi.

Msasa akacheka kwa puani. "Dada yangu, haiwezekani. Hata mpya ya dukani, ukiiacha imejaa, baada ya muda mshale unashuka. Upepo hauna adabu, unatafuta tundu."

"Haujashuka," yule mwanamke akasema. "Nauangalia kila siku."

Mwanangu akalowesha kidole kwa mate akapaka kwenye maungio yote, moja moja, akisubiri povu. Povu hakuna. Akageuka kuniangalia, macho yamemtoka kama siku niliyomnunulia viatu vya kwanza.

"Mama... haivuji hata kidogo."

Kwa fundi hilo ndilo kubwa. Ukienda kununua kompresa iliyotumika, rangi usiiangalie, maneno ya mwenye nayo usiyasikilize. Utaangalia kama inashika pumzi. Hii ilikuwa imeishika majira mazima. Nikamkanyaga mguu asionyeshe furaha, bei isipande.

Haikupanda. Aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka nikaona haya, na mimi kwa kubishana bei hakuna anayenishinda sokoni. Sikubisha. Nilifungua pindo la nguo, nikatoa pesa.

Akazipokea bila kuzitazama. Halafu akanishika mkono. Vidole baridi, vinanuka dawa ile ile.

"Lakini upepo uliomo msiutoe, mama."

"Upepo?"

"Naomba. Ibebeni hivi hivi ilivyo. Kesho jioni nikishawapa hawa funguo zao nitakuja kwenu. Tuufungue na mimi nikiwepo." Akamgeukia Msasa. "Wewe ni fundi. Unajua kuufungua pole pole?"

"Najua."

"Pole pole sana. Humu ndani siwezi. Wale wana masikio."

Sebuleni mtu akaita, "Shemeji! Pasi iko wapi?"

Nikadhani ni kufiwa. Kufiwa kunamfanya mtu aseme mengi. Mimi mwenyewe nilikaa na koti la mume wangu kitandani nikilipa habari za mchana. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia, "Mwanangu, tumekusikia. Hautatoka hata kidogo."

Nilisema mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Tulipokuwa tunaivingirisha kutoka, aliweka kiganja juu ya tangi akainama.

"Nakuja," akanong'ona.

Hakuwa anatuambia sisi.

Dereva wa pikapu tuliyemkodi alitusubiri kwenye kona, maana kichochoro kile gari haliingii. Mtu wa maneno mengi, huyu. Tangu atuchukue alikuwa ametueleza ndoa yake yote, ya kwanza na ya pili. Alipoiona kompresa akanyamaza kidogo, akaizunguka.

"Lina upepo hilo?"

"Lina," Msasa akasema.

"Kiasi gani?"

Mwanangu akamwonyesha mshale. Ulikuwa umesimama mwanzoni mwa nyekundu, ile sehemu ya hatari.

"Toa."

"Tumeahidi hatuutoi."

"Mmemwahidi nani, mizimu? Kaka, ile barabara ya kwenu mimi naijua, ni mashimo yaliyounganishwa na lami. Hilo likiruka likanipasukia mgongoni, watanizoa kwa kijiko. Toa upepo, au libebe kichwani."

Alikuwa na haki. Hata Msasa baadaye alikiri, tangi lililoshiba halisafirishwi hivyo. Lakini tulikuwa tumesema tumesikia. Watu wa kona wakaanza kutuangalia. Giza linaingia. Kabati linasubiri. Mwanangu akanitazama.

"Mama?"

Nami nikasema, "Upepo ni upepo, mwanangu. Utajaza mwingine nyumbani."

Msasa mkono haukwenda. Dereva akachoka kusubiri, akapiga magoti mwenyewe, akaishika ile koki ndogo iliyo chini ya tangi, ya kutolea maji, akaizungusha. Hakuizungusha pole pole.

Prrrrrrruuuuuu!

Jamani. Mnaijua ile sauti. Kila mtu anaijua, na kila mtu huwa anasema si yeye. Fundi viatu akainua kichwa kutoka kwenye kiatu chake akapaza sauti kona nzima isikie:

"Bibi! Pole na tumbo!"

Nami mdomo wangu haujui kukaa.

"Maharage ya mkwe wangu!" nikamjibu.

Kona ikalipuka. Wauzaji, wapita njia, wanawake wenye ndoo. Nilicheka mpaka nikashika ubavu wa pikapu, machozi yananitoka. Upepo ukaendelea. Kila tulipodhani umekwisha, unaendelea. Prrruuu... Watu wakaanza upya. Mwanamke mmoja aliketi chini kabisa.

Halafu harufu ikaja.

Mpira. Oili. Dawa ya kuchua kifua.

Sauti ikabadilika. Haikuwa tena ile ya kuchekesha. Ilikuwa nyembamba... ndefu... kama mtu aliyebeba mzigo mbali, amefika, anautua. Mimi nilikuwa bado nacheka. Kicheko kikishashika mwili hakikatiki kwa amri. Kati ya machozi nilimwona dereva, sikio lake liko karibu na koki. Alikuwa ameacha mdomo wazi, lakini hacheki.

"Nyamazeni," akanong'ona.

Nani anamsikiliza mtu anayenong'ona penye kicheko?

"Nyamazeni!"

Tuliponyamaza, kulikuwa hakuna kitu. Mshale umelala. Dereva akainuka akafuta kiganja kwenye suruali. Akafuta tena. Na tena.

Njia nzima hakusema neno. Alitushusha, akasaidia kuingiza mashine bandani huku akiishika kwa ncha za vidole, akaondoka hata hakunywa maji.

Kesho yake Msasa aliamka mapema akakaa mbele ya ile kompresa bila kuichomeka.

"Anakuja leo," akasema.

"Najua."

"Tutamwambia nini?"

Ningesema tumwambie kweli. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini nikaiona sura yake, nikauona mkono ule baridi, nikajiona mimi mtu mzima nimesimama mbele ya mfiwa nikimweleza habari za maharage. Nikasema lililotoka.

"Ijaze. Mshale ufike pale pale ulipokuwa."

"Mama, huko ni kumdanganya."

"Ni kumpumzisha. Anachotaka ni kuona upepo unatoka. Atauona, atalia, atakwenda kulala."

Akaichomeka. Mashine ikaamka, ikanguruma vizuri, nzito, si kelele za bati za kule dukani. Tulisimama kando ya ile pua yake tukipaza sauti ili tusikilizane.

"Na akijua?" Msasa akapiga kelele.

"Atajulia wapi? Mwanamke wa watu, anajua nini habari za geji!"

"Mama, wewe!"

"Mwache apate hata upepo wa banda la kuku! Mradi alale!"

Nikawa nimemkumbuka fundi viatu na tumbo lake, basi nikacheka tena, pale pale, peke yangu, kwa nguvu. Mwanangu akajizuia, akashindwa, akacheka na yeye.

Tak!

Mashine ikajizima. Imejaa. Kicheko changu kikabaki peke yake bandani, nikakikata.

Alikuja jua likizama. Safari hii amejitanda vizuri, ameoga, amejipaka mafuta. Kama mtu anayekwenda kumpokea msafiri. Hakuwa na mzigo wowote, na nyumba ndiyo alikuwa ametoka kuikabidhi. Mkwe wangu akampa kiti. Hakukaa. Akaangalia geji. Akatabasamu, na lile tabasamu sijui nitalipeleka wapi.

"Mmeutunza," akasema. "Asanteni."

Msasa akaangalia chini.

"Niwaambie tu, msinione nimechanganyikiwa." Alikuwa ananong'ona bado, ingawa hapakuwa na shemeji. "Siku ile tuligombana asubuhi. Kitu cha kipuuzi, hata aibu kukitaja, ndoo. Nikaenda jikoni nikamnunia. Yeye akawasha mashine stoo. Alikuwa na kifua, vumbi lilikuwa linamsumbua. Baadaye nikamsikia anaita. Jina langu nililisikia. Halafu akasema kitu kingine, kirefu, lakini mashine ilikuwa inanguruma. Nikasema moyoni, aite tu, leo siendi."

Akaigeukia kompresa.

"Mashine ikajizima. Tak. Nyumba ikawa kimya... Nikaenda. Nilimkuta ameiangukia. Ameikumbatia, na mdomo wake uko hapa."

Akaigusa ile pua.



"Pumzi yake ya mwisho hii ndiyo iliyoivuta," akasema. "Alichosema kimo humu. Nimekuwa nakiogopa. Labda alinitukana. Labda alisema tumalizane. Sasa hata akinitukana, nataka kusikia."

Kama ningekuwa mtu, ningemzuia pale. Ningemshika miguu. Msasa aliniangalia mara mbili, akisubiri mimi mkubwa nifungue njia. Sikuifungua.

Akapiga magoti penye vumbi la mbao. Akasogeza mtandio, akaweka sikio karibu na koki. Akafumba macho. Akaifungua mwenyewe, pole pole, kidogo kama anafungua mlango penye mtoto aliyelala.

Ssssss...

Upepo mwembamba. Nywele za pembeni mwa sikio lake zikacheza. Alikuwa anatabasamu.

Ssssss... sss...

Halafu ikaja sauti.

Ndogo. Kama inapita kwenye kitambaa. Lakini maneno unayasikia.

*...na akijua...*

Akafumbua macho.

*...mwanamke wa watu... anajua nini habari za geji...*

Hiyo ilikuwa sauti yangu.

Mkwe wangu alijishika mdomo. Msasa akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la watu.

*...hata upepo wa banda la kuku... mradi alale...*

Na baada ya hapo kicheko. Kicheko changu nakijua, nimekaa nacho miaka yote hii, watu wakikisikia barabarani wanajua nani anakuja. Kilitoka pale chini chembamba, kirefu, kinazunguka, kikamwingia yule mwanamke sikioni, na yeye hakuliondoa sikio. Alikisikiliza chote. Kama mtu anayesomewa hukumu na hataki kupitwa na neno.

Akaifunga koki. Mshale ulikuwa umefika katikati.

Aliinuka akajipangusa magoti. Hakupiga kelele. Angenipiga kofi ningeshukuru.

"Kwa hiyo mlimfungulia," akasema.

"Dada, dereva alikataa kuibeba..." Msasa akaanza. Akaacha mwenyewe.

"Wapi?"

"Kwenye kona. Kwa fundi viatu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anaijua ile kona, kama anaiona. Halafu akanigeukia mimi. Mimi, si mwanangu.

"Mama. Alisema nini?"

Nikaangalia miguu yangu. Vidole vyangu vizee, vumbi la mbao.

"Sikusikia, mwanangu."

"Hata neno moja?"

"Nilikuwa... nilikuwa nacheka."

Kuku mmoja alipita mlangoni, akatuangalia, akaenda zake.

"Labda na yeye alikuwa anacheka," akasema. "Alipenda watu wanaocheka."

Hilo ndilo lililonimaliza.

Akajifunika vizuri. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Kilichobaki humo msikiguse. Nitakifuata."

"Kilichobaki ni sisi, dada," Msasa akasema, karibu alie. "Ni upepo wetu."

"Tangi haliishi lote, fundi. Unajua wewe."

Na kweli anajua. Alinieleza baadaye: hata mshale ukilala kabisa, ndani kunabaki upepo kidogo, hautoki mpaka uusukume. Kwa hiyo labda yumo. Kidogo, chini ya vicheko vyetu.

Kabati la harusi lilipulizwa kwa ile nyekundu ya Waranti. Msasa aliikopa kwa aibu, akarudia mlango mmoja baada ya mwingine, akisimama kila mara kuisubiri iheme. Waranti alipomuuliza ile kubwa aliyokuwa akijisifia kwa fundi viatu imekwenda wapi, alisema ina waranti ya mtu mwingine.

Kubwa iko bandani. Tumekata waya wake, mwanangu mwenyewe aliukata kwa koleo. Tumeifunika shuka.

Yule mwanamke hajarudi. Nilikwenda kumtafuta. Nyumba ile imepangishwa, mapazia mapya. Shemeji mmoja nilimkuta mlangoni, akasema hawajui alikokwenda, na kwa namna alivyosema nikaona hajauliza. Nilimtafuta dereva pia. Huyo nilimpata kwenye kituo cha pikapu, akaninyamazia sana, mimi nikasimama tu, mwisho akaona haya kumwacha mzee juani.

"Niambie alisema nini," nikamwomba. "Nimpelekee mkewe."

"Kulikuwa na neno, mama. Kelele zenu zililifunika." Akaangalia pembeni. "Lakini si hilo lililonitisha. Upepo ulipokwisha, nilikuwa nimeweka kidole penye koki niifunge. Haukuwa unatoka tena."

"Ulikuwa umekwisha."

"Hapana, mama. Ulikuwa unavuta."

Wiki hii amekuja fundi mmoja, amesikia tuna kompresa tusiyoitumia. Msasa hakuwepo. Akaifunua, akapaka mate kwenye maungio, akaangalia, akashangaa peke yake. Haivuji hata kidogo hii, bibi, akasema. Mbona mnaifungia? Nikamwambia haiuzwi. Akaniambia basi angalau tuitoe upepo, si vizuri kuiacha imejaa karibu na nyekundu.

Karibu na nyekundu. Yule mwanamke aliifunga koki mshale ukiwa katikati.

Sikushtuka kama mnavyodhani. Mimi nilikuwa najua.

Kwa sababu kila jioni, wakati ule ule wa jua kuzama, watu wa nyumbani wakiwa na shughuli zao, naingia bandani. Nakaa kwenye kigoda karibu na ile pua. Namwomba radhi marehemu. Nanong'ona, maana sitaki mkwe wangu anisikie. Namwambia, baba, mke wako alikuja, alioga, alijipaka mafuta, alikuja kukusikiliza. Kosa si lake. Namwambia, kama una neno, liseme tena, sasa nimenyamaza.

Hajibu. Ila nikimaliza kusema nasikia kitu kidogo sana. Sss. Kwa ndani. Na nikiinuka kifua kinanibana, nashika ukuta, naangalia geji. Mshale umesogea unywele mmoja.

Nikiwa mdogo mama yangu alitukataza kuinamia mtungi mtupu na kusemea ndani. Tukimwuliza kwa nini, anatupiga kofi la mgongo. "Nimesema acheni!" Sababu hakuitoa, na sisi hatukuuliza tena.

Juzi mwanangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama, mbona unahema hivyo?"

"Uzee," nikamwambia. "Nenda kasugue mbao zako."

Akanitazama sana. Ni mtu wa kutazama sana. Akaenda.

Najua ningeacha. Mlango wa banda una komeo, na funguo ninayo mimi. Lakini jioni ikifika nalikumbuka lile tabasamu alilokuja nalo yule mwanamke. Nainuka mwenyewe.

Alisema atakifuata, na mimi namwamini. Siku hiyo atakuta tangi limejaa. Atapiga magoti, atasogeza mtandio, atafungua pole pole.

Sijui atamsikia nani.